Mawe ya Ngamani

Jiwe liligonga jiwe. Kukawa kimya. Likagonga jingine, na baada yake mtu akakohoa kikohozi kikavu cha asubuhi.

Mkaguzi Zubery aliyasikia yote hayo akiwa amefumba macho. Alikuwa ameyafumba tangu watoke Kilindoni, amekaa nyuma ya pikipiki ya Koplo Sheikha, kwa imani yake kwamba tuta lisiloonekana huumiza mgongo kidogo kuliko tuta linaloonekana likija.

"Kuna watu wanajenga hapa?" aliuliza.

"Hakuna anayejenga, Afande. Kuna mtu anatuzolea ushahidi," alisema Sheikha, akazima pikipiki.

Ndipo Zubery akafumbua macho. Walikuwa wamefika kona ya Kiegeani, kwenye lami iendayo Utende. Juu ya lami palikuwa na alama mbili nyeusi za matairi, zilizoanza sambamba kisha zikapishana kama mkasi. Ng'ambo ya mtaro ulisimama mnazi uliochubuka gome, na chini ya mnazi, mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa alikuwa akiokota mawe meupe ya matumbawe na kuyatupa ndani ya toroli. Hakuyatupa ovyo. Kila moja aliligeuza kwanza mkononi, akalipangusa mchanga, kama mtu anayechagua muhogo sokoni.

Zubery alishuka kwa awamu, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha mgongo. Alikuwa amevuka jana kutoka Nyamisati, bara, kuja kisiwani Mafia, kwa kuwa mpelelezi wa hapa alikuwa likizo. Njia nzima upepo ulikuwa ukiwasukuma kwa nyuma, na nahodha wa boti, alipoona pua inataka kuchota maji, aliwaamuru abiria na mizigo wote wahamie nyuma. Mkaguzi alisafiri juu ya gunia la mchele, akilowa, na tangu saa hiyo alikuwa hajapata mkao unaomfaa.

"Shikamoo, Mzee Muhidini."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa kutoka bara?"

"Ndiye mimi. Pole kwa Omary."

"Tumeshapoa," alijibu mzee, ingawa macho yake yalisema hajapoa hata kidogo. Omary alikuwa mwanawe. Juzi asubuhi alipita hapa akiendesha gari lisilo na pacha Tanzania nzima. Gari likaacha lami, likazunguka na kuukumba mnazi ule kwa mgongo. Sasa Omary alikuwa kitandani hospitalini Kilindoni, nyonga imevunjika vipande, akisubiri ndege ya mchana impeleke Dar es Salaam. Alikuwa na fahamu, lakini ya asubuhi ile hakuyakumbuka.

Zubery alitafuta pa kukaa, akapata gogo. Akamwambia mzee kwa upole kwamba mawe yale yalikuwa mali ya uchunguzi na hayakupaswa kuguswa.

"Haya ni mawe ya farumi," alisema Muhidini. "Chombo kikiwa kitupu huyumba, kwa hiyo unakitia mawe kitulie. Ya kufaa hayaokotwi popote. Haya niliyachagua mwenyewe kisiwani Juani, nikamwazima Koradi, yule Mtaliana, ayatie kwenye gari lake mpaka injini ya kweli ifike. Mimi nimeunda vyombo tangu sijaota ndevu, siachi farumi njema porini." Akaliweka jiwe alilolishika. "Mkamate aliyefungua bolti, bwana mkubwa. Usikamate mawe."

"Aliyefungua bolti yuko mahabusu tayari, kwa maneno yako."

"Kwa maneno yangu, na nitayarudia popote. Jana niliyasema msikitini baada ya alasiri, watu wote wakasikia. Mansuri alitaka mwanangu afe."

Sheikha aliomba toroli kwa adabu, kisha akalichukua bila kusubiri jibu. Mzee alimkumbusha kwamba alimjua babake tangu Juani, na kwamba babake asingemnyang'anya mtu mzima toroli. Sheikha akajibu kwamba babake hakuwahi kulipwa mshahara na serikali, vinginevyo angemnyang'anya na kofia. Muhidini aliguna, akashika njia ya kwenda Utende kwa miguu, mikono nyuma.

Zubery alibaki kwenye gogo. Kesi yote, alivyoikuta, ilikuwa imening'inia kwenye bolti moja. Askari wa barabarani walipokagua mabaki ya gari, waliona kwamba ile bolti inayoshika mkono wa usukani kwenye gurudumu la mbele la kushoto haikuwepo. Fremu ya gari, yaani mifupa yake yote ya mabomba ya chuma, ilikuwa kazi ya Mansuri, fundi wa kuchomelea. Na Mansuri alikuwa amegombana na Omary mbele ya watu juu ya nani aliendeshe gari hilo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Jana jioni Zubery alikaa naye mahabusu. Mansuri hakukana ugomvi. Alisema alilia kwa hasira siku Koradi alipompa Omary funguo. "Mifupa ya gari nimeiunga mimi," alimwambia Mkaguzi. "Kwa nini anayekaa ndani awe mtoto wa aliyechonga ngozi?" Alikiri pia kwamba alimtamkia Omary kuwa ataliangusha gari lile. Alipoulizwa kwa nini aliyasema hayo, alijibu kwamba kila mwenye wivu husema hivyo, na kama ni kosa, basi kisiwa kizima kikamatwe.

Nje ya kituo, kwenye benchi chini ya ubao wa matangazo, alikuwepo Biubwa, mamake Mansuri, na hotipoti mapajani. Alikuwepo jana jioni, na leo asubuhi walipokuwa wakiondoka alikuwepo tena.

"Atatoka lini, baba?" alimuuliza Zubery.

"Tunaendelea na uchunguzi, mama."

"Nimekuuliza lini. Sikukuuliza mnafanya nini."

Zubery akapanda pikipiki. Katika kazi hii alikuwa ameahidi mara moja tu, zamani, na tangu hapo hakumwahidi mtu kitu.

"Sheikha," aliita sasa kutoka kwenye gogo. "Hao waliotafuta bolti, walitafuta wapi?"

"Barabarani. Kuanzia kona kurudi nyuma, huko gari lilikotokea. Wakasema kama ilifunguka, itakuwa ilidondoka njiani."

"Na huko mbele, ng'ambo ya mnazi?"

"Kwa nini watafute huko? Gari lilikomea hapa."

"Gari lilikomea hapa. Vipande vyake vilikomea wapi?"

Sheikha alimtazama, akakunja suruali, akaingia majanini. Alikwenda na kurudi kama mtu anayepalilia, tuta kwa tuta. Jua lilipanda. Zubery alihama gogo kufuata kivuli. Hatimaye Koplo aliinama, akainuka na kitu kwenye leso, akakileta.

Ilikuwa bolti, au tuseme nusu yake ya chini. Mahali ilipokatika palimeta. Nati ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye hesi zake, ile mikato ya msokoto, imekazwa kisawasawa, na juu yake palikuwa na tone la rangi ya kijani, alama anayoweka fundi akisharidhika kwamba amekaza.

"Imekatika," alisema Sheikha. "Haikufunguliwa."

"Na ilikatika lini?"

"Gari lilipougonga mnazi kwa mgongo, pua ikachapwa upande na kukikumba kile kisiki kando yake. Bolti ikaruka mbele." Aliitazama lami, kisha majani. "Ingetoka kabla, ingebaki nyuma. Afande, huyu kijana hana kosa."

"Bolti haina kosa," alisema Zubery, akiinuka kwa awamu zake. "Na kama si bolti, basi hatujui bado ni nini. Bosi wangu hataachia mtu kwa sababu ya kutojua. Nipeleke kwa huyo Mtaliana."

*

Banda la Koradi lilikuwa Utende, ukingoni mwa ghuba ya Chole, sakafu ya saruji na paa la makuti. Jina lake kamili lilikuwa Corrado Bellandi, lakini hata barua zake ziliandikwa Koradi. Alikuwa mrefu, mkavu, ngozi imebanikwa na jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, cha kusalimia kwanza hadi nyumba ya tatu ndipo useme shida yako. Leo alisalimia kwa mkato. Siku ya ajali alikuwa Dar, akihangaikia injini yake iliyokwama bandarini, na tangu arudi alikuwa hajabadili shati.

Katikati ya banda lilikaa lile gari. Hata limevunjika, liliwafanya wote wawili wasimame kidogo. Lilikuwa chini mno, likimfika Zubery kiunoni, pana begani na jembamba kiunoni, na mdomo wake wa mbele ulikuwa mpana na bapa. Ubavuni lilikuwa na mipasuko mitano iliyolala kama matamvua ya samaki.

"Papa potwe," alisema Sheikha, kwa kuwa lilifanana na yule papa mkubwa, mpole, wa bahari ya Mafia.

"Ndilo jina lake. Potwe," alisema Koradi. "Mipasuko hiyo ni ya kuvuta hewa ipoze injini. Nilipoichora mimi ilikuwa mibaya. Mzee Muhidini akaniambia nenda ukaoge na potwe, ukirudi utachora vizuri. Nikaenda."

Zubery aligeuza ndoo, akaikalia. Akaomba aelezwe gari lile tangu mwanzo, kwa lugha ya mtu aliyesoma sheria.

Koradi alieleza. Ujanani, kwao Italia, alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari ya kasi, lakini katika miaka yake yote pale alichora milango tu. Wengine walichora pua, wengine mgongo, yeye milango. Alipostaafu na kuhamia Mafia akaapa kuchora gari zima. Rasimu ya kwanza ilikuwa na paa refu mno, akalishusha. Rasimu ya pili dereva aligusa paa kwa kichwa, kwa hiyo akamlaza dereva nusu-nusu na kumsogeza mbele hadi miguu yake ikafika kati ya magurudumu. Ndipo nyuma ya kiti pakapatikana nafasi aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Hapo ndipo injini ingekaa.

"Kwa nini hapo?" aliuliza Zubery. "Gari letu la polisi injini yake iko mbele, na linakwenda."

"Linakwenda. Halichezi." Koradi alimgeukia Sheikha. "Koplo, ukibeba ndoo mbili za maji umezikumbatia kifuani, nikakuambia geuka, utageuka?"

"Nitageuka."

"Ukizibeba mikono imenyooshwa?"

"Nitageuka, halafu zitanigeuza na mimi zaidi ya nilivyotaka."

"Basi umeelewa gari la injini ya katikati. Uzito uko kifuani. Linageuka upesi na linasimama pale unapolisimamisha." Alicheka kidogo, kicheko kilichochoka njiani. "Mzee Muhidini hakuhitaji ndoo. Nilipomwonyesha mchoro aliweka kidole gumba juu ya injini akasema, hii umeitia ngamani. Ngama ni pale katikati ya chombo, chini, maji yanapokusanyika. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Akaniambia, hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku hiyo hiyo tukaanza kazi. Akajenga kalibu ya mbao kama anavyojenga mashua, na mkuku wake kama uti wa mgongo na mataruma yake kama mbavu. Nilimwambia gari halina mkuku. Akasema basi mtafute fundi mwingine. Tukafinyanga bodi ya faiba juu ya kalibu hiyo, Mansuri akaunga fremu, na kwa kuwa injini ilichelewa, tukatia injini ndogo ya kuazima, pamoja na mawe ya kufidia uzito uliopungua."

"Mawe yalikaa wapi?"

"Hapo hapo ngamani. Kwenye hilo sanduku, nyuma ya kiti. Nililipima mwenyewe."

Zubery aliinuka kutoka kwenye ndoo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa siku hiyo kuinuka bila kushika kiuno. Akaenda kwenye sanduku, akainama. Lilikuwa la chuma, limefungwa kwa mikanda miwili yenye vifungo, na vifungo vilikuwa vimebanwa. Kifuniko hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Nani amefungua sanduku hili tangu ajali?"

"Hakuna. Polisi walinikataza kugusa."

Zubery alivaa glovu, akafungua vifungo, akainua kifuniko. Sanduku lilikuwa tupu na safi.

Sheikha alichungulia ndani. Kisha akauliza. "Mawe yametapakaa porini Kiegeani. Yalitokaje humu, na mlango umefungwa?"

"Hayakutoka humu," alisema Zubery. "Hayakuwemo."

Akazunguka hadi nyuma ya gari, palipopondeka. Nyuma ya ekseli, mkiani kabisa, palikuwa na kijisakafu cha mbao nyembamba kisichobeba kitu. Aliwasha tochi. Mbao ilikuwa imechanwa michirizi myeupe, ile chokaa inayoachwa na matumbawe yakisuguana. Kwenye bomba la fremu kilikuwa kimebaki kipande cha kamba, kimefungwa kwa fundo tambarare, safi, na ncha yake imekatika kwa kuvutwa.

Koradi alitazama juu ya bega lake. Uso wake ulibadilika. "Mawe yote? Mkiani? Mkaguzi, aliyefanya hivyo alitaka dereva afe. Ukiingia kona, ukaachia mafuta, mkia unakwenda mbele na pua inarudi nyuma. Hakuna dereva anayeweza kuzuia. Aliyefanya hivyo analijua gari hili vizuri."

"Anayelijua vizuri yuko mahabusu," alisema Sheikha polepole. Kisha akaisogelea kamba, akainusa, akaisugua kwa vidole. "Lakini Mansuri anafunga vitu kwa waya. Hii ni kamba ya kumbi, ya nyuzi za nazi. Siku hizi kila mtu ananunua nailoni. Anayesokota kumbi bado Utende nzima ni mmoja, na fundo hili ni la chomboni."

Koradi aliketi chini kwenye saruji. "Haiwezekani. Ni mwanawe."

Zubery alizima tochi. Alikuwa akikumbuka gunia la mchele, maji ya chumvi mgongoni, na sauti ya nahodha iliyowaamuru wote warudi nyuma.

"Hakutaka kumuua mtu," alisema. "Mwite, Sheikha. Na lile toroli lake la Kiegeani lilete na mawe yake, umrudishie."

*

Mzee Muhidini alikuja akiwa amevaa kanzu ya safari. Mkewe Mize alikuwa hospitalini tayari, na kwenye ndege ya mchana palikuwa na nafasi moja ya kumsindikiza mgonjwa, nayo ilikuwa ya baba. Alikataa kiti. Zubery, aliyekuwa ameketi, akasimama.

Alimuuliza tu kama Omary aliwahi kulilalamikia gari. Mzee akasema ndiyo, jioni ya kuamkia siku ile. Omary alisema kila akishika breki, pua inainama kama inataka kula lami.

"Ukafanyaje?"

"Nikamtengenezea," alisema Muhidini. Alisema bila kusita, kifua mbele. "Chombo kikizamisha omo, unapeleka farumi tezi. Mtoto wa Jibondo, kisiwa cha waunda vyombo, anajua hilo kabla ya kujua alifu. Nikayatoa mawe sandukuni, nikayapanga nyuma, nikayafunga kwa kamba yangu. Alfajiri nikamwambia, nenda, sasa pua haitainama."

"Hukumwambia mtu mwingine? Hata Koradi?"

"Nani anayetangaza kuhamisha farumi? Ni kama kutangaza umefunga kifungo cha shati." Akawatazama wote kwa zamu. "Kwani mawe yana nini? Nimeshawaambia kosa ni bolti."

Koradi alifungua mdomo. Zubery aliinua mkono, naye akafunga.

Pembeni mwa banda palikuwa na kigari cha mbao cha magurudumu manne, walichotumia kusukumia kalibu. Zubery alimwomba Sheikha apange mawe ya toroli katikati yake. Kisha akamwomba mzee akisukume kwa mbio hadi kwenye nguzo, akikunje kushoto na kukiachia.

Muhidini aliwatazama kama watu wazima wanaocheza na gari la mtoto. Lakini alikuwa fundi, na kigari kilikuwa mbele yake. Alikunja mikono ya kanzu, akasukuma, akakikunja, akakiachia. Kigari kilikwenda duara fupi, kikasimama kimya.

"Sasa yapeleke tezi," alisema Zubery.

Mzee mwenyewe aliyahamisha, jiwe baada ya jiwe, na kwa mazoea aliyapanga vizuri, makubwa chini, madogo juu. Akasukuma tena. Akafika nguzoni, akakikunja, akakiachia.

Mkia haukufuata. Ulichomoka. Kigari kilijigeuza chenyewe, nyuma ikawa mbele, kikapita saruji kikilia, na kuikumba kalibu ya mbao kwa mgongo. Jiwe moja lilidondoka. Likagonga jingine. Kukawa kimya.

Muhidini alibaki ameinama, mikono bado imenyooka kama vile ameshika kitu. Alivitazama vipini vya kigari. Kisha alikirudisha kigari mwenyewe, akayapanga mawe tezi upya, na akasukuma mara ya tatu, ingawa hakuna aliyemwambia. Mkia ukachomoka vile vile.

"Majini," alisema mwishowe, sauti imeshuka, "bahari inaushika mkia."

"Barabarani hakuna bahari, mzee wangu," alisema Koradi kutoka chini alikoketi, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nilijua mwenyewe. Ngamani. Nilikwambia mwenyewe."

Zubery alimsogezea ndoo. Kisha alimweleza kila jambo, bila kupamba na bila kupunguza. Bolti ilikatika, haikufunguliwa. Lakini faili lililokwisha kufunguliwa halifungwi kwa nusu ya bolti. Kinachoweza kumtoa Mansuri leo ni maelezo ya aliyehamisha mawe, yaandikwe, yasainiwe kituoni. Mwanasheria wa serikali ndiye atakayeamua kama ni ajali au ni uzembe. Yeye Zubery ataandika kwamba hapakuwa na nia mbaya. Zaidi ya hapo hana analoweza kusema.

"Nani wengine wanaojua?" aliuliza Muhidini.

"Tuliomo humu."

"Na nisiposema?"

"Kamba inaweza kuchomwa moto," alisema Zubery. "Mawe umeshaanza kuyaokota. Mimi ni mtu wa bara, nitarudi na boti. Mansuri atabaki."

Mzee aliitazama kanzu yake, pale ilipopakwa chokaa. "Ndege saa ngapi?"

"Imeshatua, Babu," alisema Sheikha. Haikuwa sauti yake ya toroli. "Maelezo hayaandikwi haraka. Ukija kituoni, hutaiwahi."

Muhidini alitoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akaishika mbali na macho, akapiga. Alimwambia Mize aende yeye na mtoto. Mize aliuliza jambo. Mzee akajibu kwamba yeye ana neno la kumaliza hapa, na kwamba Omary akiuliza, aambiwe babake atamweleza mwenyewe, ana kwa ana, asiambiwe na mtu mwingine. Akakata.

*

Walirudi Kilindoni kwa gari bovu la Koradi, lile la kawaida, mzee mbele, Zubery nyuma akiwa amelala upande. Walipofika karibu na kituo ndege iliruka juu yao, ndogo, nyeupe, ikageukia magharibi. Muhidini hakuinua uso kuitazama. Aliisikiliza tu mpaka ikaisha.

Biubwa alikuwa benchini. Hotipoti ilikuwa mapajani. Alipomwona Muhidini akishuka, alisimama na kugeuza uso ukutani, kwa kuwa hao wawili walikuwa majirani wa ua kwa ua, na tangu jana alasiri hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Mkaguzi," alisema akiwa ameuelekea ukuta, "nakuuliza tena. Mwanangu atatoka lini?"

Zubery alitazama kiatu chake. Alikuwa akitafuta yale maneno yake ya kila siku kuhusu uchunguzi. Muhidini alimpita, akaenda kusimama mbele ya benchi, kofia mkononi.

"Biubwa," alisema. "Mawe niliyahamisha mimi. Mwanangu nimemvunja mimi, kwa mikono hii, nikidhani namsaidia. Naingia humo kuyasema, wayaandike. Mansuri hakufungua kitu."

Mwanamke aligeuka polepole. Alimtazama mzee, kofia ile, kanzu ile yenye chokaa. Hakumpa pole, wala hakumtukana.

"Wataandika," alisema. "Karatasi itakaa kwenye kabati lao. Wewe mwanangu ulimwita muuaji msikitini, Muhidini. Akipita njiani sasa watu watamsoma kwenye karatasi?"

Sheikha alikuwa ameshika mlango wa kituo wazi. Zubery alikaa kwenye ncha ya benchi, na hakuna aliyemzuia.

"Jana walikuwa safu mbili," alisema Muhidini, na aliinua sauti, ikafika ndani, ikafika mahabusu, askari wa zamu akainua kichwa. "Safu mbili hazitoshi. Ijumaa hii, msikiti ukijaa hadi barazani, kama niko huru nitasimama pale pale niliposimama, na kama nimefungwa nitamwomba imamu aniombee ruhusa niletwe na pingu. Nitasema Mansuri ni msafi, na nitasema ni nani aliyehamisha mawe. Nitalisema jina langu lote, Biubwa, na la baba yangu aliyenifundisha. Nakuahidi."